Tochi, kibao cha 50 na faini ya shilingi 30,000

Sisi Watanzania tunaotumia barabara kuu tunaijua vizuri bei ya mwendokasi: shilingi 30,000. Dereva aliyepita kwenye kibao cha 50 akiwa na mwendo wa 58 huandikiwa kiasi hicho, na aliyepita hapohapo akiwa na 95 huandikiwa kiasi hichohicho, mradi wote wawili wamekubali kosa na kulipa bila kufikishwa mahakamani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikilitafakari jambo hili, kwa sababu naona tunabishana mno kuhusu ukubwa wa faini, ilhali kinachomfanya dereva aondoe mguu kwenye mafuta ni uhakika wa kukamatwa, na uhakika huo katika barabara zetu huishia mita mia chache baada ya kumpita askari.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyotungwa wakati lami ilikuwa chache na magari yenyewe yalikuwa machache. Inaweka vikomo viwili vikubwa: kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa, nje ya maeneo hayo, kwa magari ya biashara na ya abiria yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500, yaani mabasi na malori. Gari dogo la binafsi, likishatoka kwenye makazi, halikuwekewa namba ya jumla. Linabanwa na alama zilizosimikwa kando ya barabara na masharti yanayokataza kuendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari. Watetezi wa usalama barabarani wamelilalamikia pengo hilo kwa miaka mingi, sambamba na kukosekana kwa kikomo cha chini zaidi, cha kilomita 30, mbele ya shule na mahali penye msongamano wa watembea kwa miguu. Nakubaliana nao kwa yote mawili. Dereva wa gari dogo lenye injini kubwa anayepita Mlandizi kwa kasi hawezi kuachiwa apime mwenyewe hatari anayowasababishia wengine.

Namba 50 haikuokotwa njiani. Gari lenye mwendo huo husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 husafiri mita 22, na kwa 100 karibu mita 28. Dereva aliye macho huhitaji takribani sekunde moja na nusu ili aione hatari, aielewe na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, kwa hiyo mwenye mwendo wa 80 atakuwa amekwisha kumaliza mita 33 kabla breki haijaanza kushika. Hapo ndipo nguvu ya mwendo inaanza kupunguzwa, na nguvu hiyo haikui sawasawa na namba inayosomeka kwenye dashibodi: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa asilimia 4, na kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lenye mwendo wa 65 yumo katika hatari ya kufa iliyo mara nne na nusu ya yule aliyegongwa na gari lenye mwendo wa 50. Shule zilizojengwa kando ya lami kati ya Kibaha na Chalinze ni nyingi, na watoto wake huvuka barabara hiyohiyo asubuhi na jioni. Anachokipata dereva kwa kuwahi ni kidogo mno: kijiji chenye urefu wa kilomita 5 hupitwa kwa dakika 6 katika mwendo wa 50, na kwa 80 hupitwa kwa chini kidogo ya dakika 4.

Sasa nije kwenye tochi, jina ambalo madereva wote nchini wamekipa chombo cha askari cha kupimia mwendo. Kipo cha mawimbi ya redio na kipo cha leza. Cha redio hutuma mawimbi ambayo yakigonga gari linalosogea hurudi yakiwa yamebadilika idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde, na ukubwa wa badiliko hilo ndio unaotafsiriwa kuwa kilomita kwa saa. Cha leza hutuma mapigo ya mwanga yanayofuatana kwa kasi kubwa, kikapima muda ambao kila pigo linatumia kwenda na kurudi, kikajua gari limesogea umbali gani katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwanga wa leza ni mwembamba, kwa hiyo askari anaweza kulichagua gari moja katika kundi. Mawimbi ya redio hutawanyika, na magari mawili yakiwa yameongozana au yakipitana, swali la ni lipi lililosomwa ni swali la haki kabisa kuulizwa. Madereva wengi huamini kwamba askari akisimama pembeni sana tochi humwongezea mtu namba. Ukweli ni kinyume chake: kadiri pembe kati ya chombo na uelekeo wa gari inavyopanuka, ndivyo namba inavyosomeka chini ya mwendo halisi, na anayenufaika ni dereva. Jambo la kuhofia zaidi ni chombo ambacho hakijahakikiwa kwa muda mrefu.

Siku hizi tochi nyingi hupiga picha yenye namba ya gari, mwendo, tarehe na saa. Askari aliye kando ya kijiji huirusha picha hiyo kwa simu hadi kwa mwenzake aliye kilomita kadhaa mbele, naye ndiye anayelisimamisha gari na kumwonyesha dereva ushahidi wake. Utaratibu huu umepunguza mabishano mengi. Zamani dereva angeweza kudai kwamba namba aliyoonyeshwa ni ya gari la mtu mwingine, na askari asingekuwa na la kumjibu isipokuwa neno lake. Katika Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu ilitoka, mtu hawezi kutiwa hatiani kwa mwendokasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake kwamba gari lilionekana kwenda mbio. Jicho la binadamu halipimi kilomita, na sheria inapaswa kulikubali hilo.

Udhaifu wa tochi ni mwingine kabisa. Inafanya kazi mahali pamoja, kwa muda ambao askari yupo. Madereva wanajua hivyo, na ndiyo maana wanawashiana taa. Anayetoka Morogoro humwashia anayetoka Dar es Salaam, huyu naye anapunguza mwendo, anapita kwa heshima zote mbele ya trafiki, kisha baada ya kona anakanyaga mafuta ili afidie dakika alizopoteza. Wengi huuona huu kuwa ni undugu wa barabarani. Mimi nauona kuwa ni kumsaidia mtu nisiyemjua asikamatwe kwa jambo linaloweza kumuua mtu mwingine nisiyemjua, na nimeacha kuamini kwamba kuna wema ndani yake.

Kwa sababu hiyohiyo siungani na wanaolalamika kwamba askari hujificha vichakani. Viongozi wa Jeshi la Polisi wamewahi kukemea tabia hiyo hadharani, na ninaelewa kwa nini: askari anayechomoza ghafla barabarani mbele ya basi huhatarisha maisha yake na ya abiria. Lakini kama lengo ni dereva aheshimu kikomo kijiji kizima, basi dereva huyo hatakiwi kujua askari yupo wapi. Lalamiko lenye uzito ni la vibao. Katika barabara zetu nyingi kibao cha 50 kipo, na kile cha kuonyesha mwisho wa 50 hakipo, kwa sababu kiligongwa na lori, kilifunikwa na majani, au kiling'olewa kikauzwa kama chuma chakavu. Dereva mwaminifu anabaki akijiuliza kama kijiji kimeisha au bado, huku nyumba zikiwa zimekwisha kutoweka machoni, na tochi ikimsubiri katikati ya pori. Kumwandikia mtu faini mahali pa namna hiyo ni kukusanya fedha tu, na kunawafanya wananchi waamini kwamba vibao vyote vya 50 viliwekwa kwa nia hiyo. Wakala wa Barabara, TANROADS, una wajibu wa kuvitunza vibao hivyo, na polisi wangekuwa na busara kutopiga tochi mahali ambapo kibao cha kumaliza hakipo.

Kuhusu kiwango chenyewe cha adhabu, jirani zetu wa Kenya wamejaribu kupanga ngazi. Kanuni zao za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinaeleza kwamba anayezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa. Anayezidisha 6 hadi 10 hulipa shilingi 500 za Kenya. 11 hadi 15 hulipa shilingi 3,000. Na 16 hadi 20 hulipa shilingi 10,000. Anayepita hapo huenda mahakamani, ambako adhabu inaweza kufikia shilingi 100,000. Mtu anaweza kubishana kuhusu namba hizi, lakini mantiki yake haina ubishi: kosa linavyokua, adhabu inakua, na inakua kwa hatua kubwa kuliko kosa lenyewe. Kwetu, dereva aliyekwisha kuvuka 50 hana sababu yoyote ya kifedha ya kubaki kwenye 60 badala ya kwenda 90. Faini moja tambarare inamwambia hivyo waziwazi.

Faini hiyo pia haiulizi mlipaji ni nani. Kwa mwenye V8, shilingi 30,000 hazifikii hata robo ya mafuta anayojaza kituoni. Kwa kijana wa bodaboda zinaweza kuwa kazi ya siku mbili au tatu. Serikali ilikwisha kulitambua hilo, kwani katika bajeti ya mwaka 2021/22 ilipunguza faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa hoja kwamba kiwango kile hakikulingana na kipato cha watu hao. Finland wamelifikisha wazo hilo mbali zaidi, kwa kuwa faini ya mwendokasi mkubwa hukokotolewa kutokana na kipato cha mkosaji. Mwaka 2023 mfanyabiashara tajiri wa visiwa vya Åland, Anders Wiklöf, alitozwa euro 121,000 kwa kwenda 82 mahali penye kikomo cha 50. Hatuwezi kuuiga utaratibu huo kesho asubuhi, maana unahitaji kumbukumbu za kodi ambazo kwetu bado hazijakamilika kwa watu wengi. Hata hivyo, kanuni iliyopo nyuma yake ndiyo ileile iliyotufanya tumpunguzie bodaboda, na sioni kwa nini isitumike kwa upande wa pili pia.

Wapo wanaopendekeza faini ipandishwe kwa wote hadi iume kwelikweli. Nasita kuwaunga mkono kwa sababu moja, nayo ni rushwa. Pale dereva na askari wanapobaki wawili kando ya barabara, faini inapokuwa kubwa ndivyo kishawishi cha kuelewana pembeni kinavyokuwa kikubwa, kwa wote wawili. Faini ya shilingi laki tatu inayoishia kuwa elfu ishirini mfukoni mwa mtu haimwadhibu dereva, haiingii hazina, na haimlindi mtoto aliye kando ya barabara. Malipo kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu yamesaidia sana, kwa kuwa faini halali haipiti tena mkononi mwa askari. Hatua inayofuata ingekuwa kumwondoa kabisa binadamu pale kipimo kinapochukuliwa.

Kwa mabasi, hatua hiyo imekwisha kuanza. Mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari, VTS, kilichoanza enzi za SUMATRA, msimamizi wa zamani wa usafiri, na sasa kinasimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kifaa hicho hutuma mahali basi lilipo na mwendo wake safari nzima, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake maalumu ili ijulikane nani alikuwa kwenye usukani saa ngapi. Hapa hakuna wa kuwashiwa taa. Dereva akienda 95 katikati ya pori la Mikumi saa nane usiku, taarifa inaonekana Dar es Salaam. Naamini ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorejeshwa mwaka 2023 baada ya katazo la miaka mingi, isingekuwa na utetezi wowote bila jicho hilo. Wapo wamiliki na madereva waliokamatwa wakiwa wamekichezea kifaa, na mamlaka imekuwa ikiwachukulia hatua. Mtu hahangaiki kuharibu kitu kisichomzuia.

Kenya walipata somo chungu zaidi kuhusu vifaa. Mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alizilazimisha matatu zote kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda kwa kila abiria na mstari wa manjano ubavuni. Wamiliki waligoma, abiria walitembea kwa miguu, naye hakurudi nyuma, na kwa muda barabara zilibadilika. Kisha usimamizi ulilegea, mafundi wakajifunza kukizima kidhibiti bila kuking'oa, na kifaa kikabaki kuwa pambo la siku ya ukaguzi. Sheria ilikuwa ileile na adhabu zilikuwepo. Kilichopungua ni mtu wa kuangalia kila siku.

Rwanda wamechagua kamera. Wananchi wenyewe wamezibatiza Sofia, zimesimama kando ya barabara za Kigali na za mikoani, nazo humtumia mwenye gari ujumbe wa faini, ambayo kwa mwendokasi ni faranga 25,000. Aliyewahi kusafiri kutoka Rusumo hadi Kigali ataona tofauti mara moja: magari yanakwenda kwa mwendo mmoja, palipo na askari na pasipo na askari. Hata huko, mwaka 2021 malalamiko kuhusu kikomo cha kilomita 40 katika barabara pana yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais Paul Kagame aliyazungumzia hadharani. Uganda nao walianzisha faini za kamera za moja kwa moja katikati ya mwaka 2025, na ndani ya siku chache serikali ilizisitisha, baada ya watu kujikuta na faini kadhaa kwa mpigo, nyingine zikiwa za vikomo ambavyo hawakuona vimeandikwa popote. Kamera haina huruma, na ndiyo faida yake. Kwa sababu hiyo kikomo kinachosimamiwa na kamera kinapaswa kuwa cha haki na kuonekana waziwazi kabla ya kamera kuwashwa.

Ningependa tuanze na kupima wastani kati ya vituo viwili badala ya kumvizia mtu mahali pamoja. Ukiwa na kamera mbili zinazosoma namba za magari, moja mwanzo wa kipande na nyingine mwisho wake, hesabu ni ya darasa la sita. Kipande cha kilomita 40 chenye kikomo cha 80 kinahitaji dakika 30. Lori lililokimaliza kwa dakika 20 lilikuwa na wastani wa 120, na hakuna mjadala kuhusu pembe ya tochi wala gari lililokuwa jirani. Kupunguza mwendo mbele ya kamera hakusaidii chochote. Namba za magari zipo, mfumo wa malipo upo, na orodha ya madeni kwa kila gari ipo.

Mpaka siku hiyo ifike, msomaji anayesimamishwa leo ana haki ambazo wengi hawazitumii. Anaweza kuomba aonyeshwe picha au namba iliyosomwa na tochi. Anapaswa kuisoma taarifa ya kosa kabla ya kuikubali, aone kama mahali, saa na namba ya gari vimeandikwa sawasawa. Kama hakubali kosa, halazimiki kulipa faini ya papo kwa papo. Anaweza kuchagua kwenda mahakamani, ambako upande wa mashtaka utatakiwa kuthibitisha kwamba gari ni hilo, dereva ni huyo, mahali pale pana kikomo hicho na chombo kilikuwa kizima. Wachache huichagua njia hiyo, kwa kuwa siku moja ya mahakamani hugharimu zaidi ya shilingi 30,000. Akilipa, alipe kwa namba ya kumbukumbu aliyopewa, kisha aangalie kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni kama deni limefutika. Na aliyeuza gari ahakikishe uhamisho wa umiliki umekamilika katika Mamlaka ya Mapato, TRA, maana faini zilizoandikwa kwa namba ya gari huendelea kumfuata anayesomeka kwenye kadi, hata kama gari limekwisha kuhamia mkoa mwingine.